Nyumba Iliyoanzishwa na Msomaji: Makumbusho ya Waandishi Kule Chicago

Wazee wangu shikamooni, walimu wenzangu habari za asubuhi, na nyie wanafunzi mliokaa mpaka chini huko mbele poleni kwa kubanana. Nimefurahi kusimama Tanga, kwa sababu hapa ndo nilipojifunza kusoma, na ninachotaka kuwaambia leo kinaanzia hapa japo kitatupeleka mbali kidogo, mpaka Marekani.

Babu yangu alikuwa na kitabu kimoja hakina jalada. Kurasa za mwanzo zilishang'oka zamani, kinaanzia ukurasa wa 13 katikati ya sentensi, na mi nikiwa darasa la tano nilikisoma mpaka mwisho, nikarudia, nikarudia tena, kuna vipande nilivishika kwa kichwa, na wakati wote huo sijui kaandika nani. Nimefika kidato cha tatu, mwalimu anaingia darasani na nakala nzima, anaanza kusoma, ghafla nasikia sentensi ileile, moyo ukaruka. Ndo siku hiyo nikajua ni Shaaban Robert, mtu wa huku huku kwetu, kazaliwa Vibambani mwaka 1909. Maneno yake nilikuwa nayo miaka kama mitano kabla sijalijua jina.

Basi siku niliyoenda kuiona ile nyumba ya waandishi kule Chicago, mtoto wa dada yangu anasoma huko ndo alinipeleka, kitabu cha babu ndo kilinijia kichwani.

Yaani inaitwa American Writers Museum, ilifunguliwa tarehe 16 Mei 2017, iko barabara ya Michigan katikati kabisa ya jiji, namba 180 upande wa kaskazini. Ukipita chini unaweza ukaikosa maana iko ghorofani, jengo la ofisi la kawaida, unapanda juu ndo unaingia. Mi nilitegemea jumba la nguzo nyeupe na ngazi za marumaru, kumbe hamna, na baada ya kutembea ndani nikaona ni sawa kabisa iwe hivyo.

Sasa nani kaianzisha. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hili ndo lililonileta. Siyo serikali, siyo chuo kikuu, wala siyo chama cha waandishi. Ni mzee mmoja anaitwa Malcolm O'Hagan, mzaliwa wa Ireland, injinia kwa taaluma, kahamia Marekani na kafanya kazi zake huko mpaka kustaafu. Alikuwa anapenda kusoma, basi. Kule Dublin, mji mkuu wa Ireland, kulikuwa na Dublin Writers Museum, ilifunguliwa mwaka 1991 kwenye nyumba ya zamani pale Parnell Square, na yeye kuiona ile akajiuliza hii nchi niliyohamia, kubwa hivi, yenye waandishi wote hawa, mbona haina nyumba kama hii? Swali la mgeni hilo. Mwenyeji mara nyingi haulizi kwa sababu amezoea kuishi bila hicho kitu. Akaanza kuzunguka kuomba michango, miaka inapita, zikapatikana karibu dola milioni 10, na nyumba ikafunguliwa.

Halafu kuna jambo la kusikitisha. Ile ya Dublin iliyompa wazo ilifungwa 2020 wakati wa korona na haikufunguliwa tena. Mbegu imekufa, mti umebaki ng'ambo ya bahari. Mule ndani walikuwa na vitu vya waandishi, kwa mfano simu ya Samuel Beckett, mtu aliyepata Nobel mwaka 1969, na ile simu ilikuwa na kitufe chekundu cha kuzuia watu wasimpigie. Naipenda hiyo simu, inakuonyesha mtu anayetafuta utulivu afanye kazi. Ila ukishaiangalia umeiangalia, huwezi ukatoka pale unajua Beckett aliandika nini, na huo ndo ugumu wa makumbusho ya waandishi popote duniani. Mchoraji unatundika picha yake ukutani, kazi yenyewe ndo hiyo mtu anaiona. Mwandishi utatundika nini? Miwani yake? Kalamu? Kazi yake haipo kwenye kitu chochote, inatokea pale mtu anaposoma, na ukifunga kitabu inabaki ndani ya mtu.

Chicago walilijua hilo, na nadhani walilijua kwa sababu aliyeanzisha ni msomaji. Nyumba nzima haikutegemea vitu vya kale, imetegemea wewe ufanye kitu. Kuna ukuta mmoja una masanduku madogo 100, kila sanduku kazi moja ya kuandikwa, unaligusa linafunguka, hujui utakutana na nini, na hawakuweka riwaya na mashairi peke yake, wamechanganya mpaka nyimbo na mapishi, kwamba vyote hivyo mtu alikaa akaviandika. Kuna mahali maneno yanamwagika ukutani kwa mwanga kama maporomoko ya maji, unasimama unasubiri sentensi itengenezeke. Kuna chumba cha watoto. Na kuna taipureta, zile za zamani za chuma, nitazirudia mwishoni.

Kitu kimoja cha kale walikuwa nacho wakati wa ufunguzi, cha kuazima, na hicho nakisifu. Ni ule mswada wa riwaya ya On the Road ya Jack Kerouac. Huyu jamaa Aprili 1951 aligundisha karatasi nyepesi moja baada ya nyingine mpaka ikawa ukanda mmoja, akaupachika kwenye mashine asije akasimama kubadilisha karatasi, akapiga taipu wiki tatu, ukanda ukafika kama mita 36. Mwisho wake umechanika, mbwa wa rafiki yake aliula. Na jamani kitabu kilitoka 1957, miaka sita baadaye! Wanafunzi mnaoandika hapa naomba mzishike namba zote mbili, wiki tatu na miaka sita, kwa sababu watu wanapenda kusimulia zile wiki tatu tu. Huo mswada ni kitu, ndio, lakini ni kitu kinachokuonyesha kazi inafanyika, unaona mistari imekatwa kwa penseli, unaona mtu anabadili mawazo.

Kwa nini Chicago na siyo New York? Mi sikuhitaji kuelezwa. Ni mji wa viwanda, wa reli, wa watu waliokuja kutafuta kazi, na waandishi wake wameandika hao watu. Upton Sinclair alienda akaangalia machinjio ya pale, akatoa riwaya mwaka 1906, nchi nzima ikashtuka kuhusu nyama wanayokula, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya ukaguzi wa nyama. Richard Wright alifika kutoka kusini mwaka 1927 na alifanya kazi posta. Na Gwendolyn Brooks, huyu niacheni nimseme zaidi, mama huyu alikaa mji huo karibu maisha yake yote, akaandika mashairi ya watu wa mtaa wake, vyumba vya kupanga, jikoni, ngazi zenye harufu ya vitunguu, na mwaka 1950 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya waandishi kule Marekani. Baadaye akawa anatoa zawadi kwa watoto wa shule wanaoandika mashairi, hela ya mfukoni mwake. Na mwaka 1971 alisafiri mpaka huku kwetu, Kenya na Tanzania. Mshairi wa mtaa mmoja, na mtaa ukamtosha kumpeleka duniani kote.

Sasa nije kwenye ukuta ulionishika kuliko vyote. Kuna ukuta mrefu wa waandishi 100 wamepangwa kwa miaka, ukitembea unapita karne. Na unajua wa kwanza ni nani? Ni Mhispania, Álvar Núñez Cabeza de Vaca. Msafara wake ulivunjika pwani ya huko mwaka 1528, watu mamia wakafa, wakabaki wanne, mmoja wao Mwafrika kutoka Moroko anaitwa Estebanico, wakatembea kwa miguu miaka mpaka wakatokea Mexico mwaka 1536, na akaandika habari hiyo kwa Kihispania, kitabu kikatoka 1542. Marekani yenyewe haipo. Kiingereza hakipo pale. Na bado wamemweka wa kwanza, makumbusho ya waandishi wa taifa yanaanza na mtu ambaye hakuwa raia na hakuandika kwa lugha ya taifa.

Nilisimama pale muda mrefu mpaka kijana akaniuliza mjomba vipi. Nilikuwa nawaza Makerere. Juni 1962 pale Kampala palifanyika mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika, mshairi Langston Hughes alitoka Marekani akaja, kina Achebe, Soyinka, Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi walikuwepo. Ila ulikuwa mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, mtu ambaye ukanda mzima huu ulikuwa unamsoma, hakuwa na sifa ya kuingia kwa sababu kaandika Kiswahili, na mwezi huohuo akafariki. Ngũgĩ mwenyewe baadaye alilieleza jambo hilo kwa uchungu. Hebu fikirini, mtu anatoka New York anaingia ukumbini, na wa kutoka Tanga hapiti mlangoni, Afrika Mashariki hiihii.

Kwa hiyo mlango ni suala zito, nani anaingia na kwa kigezo gani. Ukizungumzia waandishi wa Marekani huwezi ukamruka Phillis Wheatley, na yeye kaingia kwa mlango mchungu kuliko wote. Mtoto wa miaka saba au nane, katolewa Afrika Magharibi, kafikishwa Boston mwaka 1761, umri wake walikadiria kwa meno ya mbele yaliyong'oka, na jina wakampa la meli iliyomleta. Meli! Akajifunza kusoma, akaandika mashairi, Boston hawakutaka kuyachapa, yakachapwa London mwaka 1773, na mbele ya kitabu wakaweka barua iliyosainiwa na wanaume 18 wakubwa wa mji akiwemo gavana, wanathibitisha kwamba kweli huyu binti mweusi kaandika mwenyewe. Alifariki 1784 akiwa maskini, na mswada wake wa pili umepotea mpaka leo. Hao 18 walikuwa na madaraka ya kusaini, lakini leo mtu akifungua kile kitabu anamsoma Phillis, wao ni orodha tu kwenye ukurasa wa mbele. Wasomaji ndo waliomweka alipo, vizazi kwa vizazi, wengi wao watu waliokatazwa hata kujua herufi.

Na nyumba yenyewe tangu ifunguliwe imekuwa ikiendelea kuupanua huo mlango, mwaka 2018 waliweka maonyesho ya Frederick Douglass, aliyejifunza kusoma kwa siri akiwa mtumwa, na mwishoni mwa 2019 wakafungua maonyesho ya waandishi wahamiaji na wakimbizi walio hai. Mi nadhani huwezi kulitenga hilo na ukweli kwamba mwanzilishi mwenyewe ni mhamiaji.

Jioni ile mi na kijana tulikaa kwenye benchi nje tukaanza mchezo, ukuta wetu ungeanza na nani? Yeye akasema Shaaban Robert. Nikamwambia rudi nyuma. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, mashairi yake yalishikwa kwa kichwa na watu mpaka wengine wakayaandika. Mwana Kupona anamtungia binti yake utenzi mwaka 1858. Sayyid Abdalla anatunga akiangalia magofu ya mji wa Pate. Kijana akasema lakini mjomba hao wa Kenya, na mi nikamuuliza Kenya ya mwaka gani, akacheka. Tukabishana kama Siti binti Saad aingie, mwimbaji ambaye sauti yake ilifika kila pwani, yeye anasema ukuta ni wa waandishi, mi nasema kama Chicago wameweka nyimbo kwenye masanduku basi Siti anaingia. Hatukumaliza. Abdulrazak Gurnah naye, mzaliwa wa Unguja, kaandika kwa Kiingereza akiwa Uingereza, Nobel 2021, ukifuata kigezo cha Makerere ya 1962 angeingia na Shaaban akabaki nje, ukifuata cha Kiswahili tu Shaaban anaingia na yeye anabaki nje. Mi nawataka wote wawili, na sitaki kuchagua.

Niliahidi kurudi kwenye taipureta. Zimepangwa mezani, karatasi zipo, unakaa unapiga chochote, ukimaliza unabana karatasi yako ukutani kwa kibanio watu wasome. Nikakaa. Vidole vilikuwa vinazama, herufi ya a ilikuwa ngumu, na Kiswahili kina a nyingi. Nikaandika: Kitabu cha kwanza nilichokisoma hakikuwa na mwanzo. Nikaendelea mistari sita au saba kuhusu babu, ukurasa wa 13, taa ya chemli. Nikabana.

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja na binti yake mdogo, wanasoma zile karatasi moja moja, wakafika kwenye yangu wakakwama. Mama akauliza kwa upole ni lugha gani hii, nikamwambia Kiswahili. Yule binti akasema isome. Nikamwambia mama kwamba hatoelewa, binti akarudia, isome. Nikaitoa kwenye kibanio nikasoma yote kwa sauti, polepole, nilipomaliza akaninyooshea mkono nimpe karatasi, akaishika akatafuta kwa kidole, akaniuliza lile neno la "mwanzo" ni lipi hapa.