Miwani ya jua kwa mtu wa baharini: maongezi na wavuvi, Mikindani

Shikamooni wazee wangu, mama zangu habari za mchana, vijana mambo vipi. Mwenyekiti kaniambia niongee kifupi kabla maji hayajajaa watu wakakimbilia vyombo vyao, kwahiyo naingia moja kwa moja. Mi nauza vifaa vya uvuvi pale Mtwara mjini, nyavu, mishipi, ndoano, machubwi, wengi mnanijua, ila miwani siuzi, nasema mapema asije mtu akasema huyu kaja kutafuta wateja.

Najua hapa kwetu mvuvi akivaa miwani ya jua anaitwa bishoo, mara ooh huyu anaenda harusini ama anaenda kuvua. Sawa, chekeni. Ila angalieni tulivyokaa. Pwani yetu inatazama mashariki, asubuhi ukitoka jua liko usoni, alasiri ukirudi limeshahamia bara, liko usoni tena, yaani kwenda na kurudi unalitazama wewe. Afu sisi tuko nyuzi kama 10 kusini ya ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Februari, na katikati ya hiyo miezi ndo kaskazi inavuma bahari inatulia, maji yanakuwa bapa kabisa yanang'aa mpaka unatembea na jicho moja limefumbwa.

Sasa kuna vitu viwili hapa na watu wanavichanganya sana, hata wauzaji. Kuna mng'ao, huo unauona na unakukera. Na kuna miale ya UV, hiyo huioni, haikukeri, na ndo inayoharibu jicho taratibu. Miwani inaweza kuzuia kimoja ikaacha kingine. Miwani nyeusi tii ya machinga inaweza kukupunguzia mwanga wote na UV ikapita, na ndani ya giza lile mboni inafunguka zaidi. Weusi wa lenzi haukuambii chochote kuhusu UV, lenzi nyeupe kabisa isiyo na rangi inaweza kuizuia yote.

Madhara yake yapoje? Mwaka 1988 ulitoka utafiti wa wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake, Marekani, watu wa kaa na chaza, watu kama sisi tu, wakapimwa macho na wakaulizwa maisha yao yote juani. Waliopigwa zaidi na UV walikuwa na hatari kubwa zaidi ya aina moja ya mtoto wa jicho, ile inayoanzia pembeni ya lenzi ya jicho. Na kuna kile kinyama ambacho hapa sihitaji kukielezea, kila ukoo una mzee anacho, kinaota kwenye weupe wa jicho kinatambaa kuelekea kwenye cheusi. Mmewahi kujiuliza kwanini mara nyingi kinaanzia upande wa puani? Mwanga unaoingia kwa pembeni, kutokea upande wa sikio, ukigonga kile kioo cha mbele cha jicho unapinda unakwenda kukusanyika upande wa pili, karibu na pua. Kwahiyo unaweza kuvaa miwani nzuri mbele, pembeni pako wazi, na jicho bado linapigwa palepale. Ndo maana mi nasema umbo la fremu lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye mkono wake. Tafuta inayozunguka uso, mikono mipana, inayokaa karibu na nyusi. Zile za duara ndogo za wasanii waachieni wasanii. Na kofia ya ukingo mpana juu yake, kofia ni rahisi na inasaidia kweli.

Haya, tuje kwenye polaraizi, maana vijana ndo mnaulizia hiyo. Mwanga wa jua unatetemeka kila upande. Ukigonga maji ukaruka, sehemu kubwa ya ule unaokuja machoni inakuwa inatetemeka kwa ubapa, kulala. Lenzi ya polaraizi fikirieni ni uzio wa fito zilizosimama wima, kilicholala hakipiti, kilichosimama kinapita. Mng'ao wa juu ya maji unakatwa, ule mwanga unaotoka chini ya maji unabaki, na ghafla unaona chini. Mfaransa mmoja Malus ndo aligundua mwaka 1808 kwamba mwanga ukiruka kwenye kioo unabadilika hivyo, alikuwa anatazama jua limegonga madirisha ya jumba la Luxembourg pale Paris, anaangalia kupitia kipande cha fuwele. Ikakaa miaka mia na zaidi mpaka Mmarekani Edwin Land mwaka 1929 akaombea hataza utando wa plastiki uliojaa fuwele ndogondogo zilizopangwa kuelekea upande mmoja, ndo mama wa hizi lenzi za leo.

Faida yake baharini mnaijua nyie kuliko mimi. Unaingiza chombo maji yakiwa madogo, unataka kuona wapi mchanga, wapi majani, wapi jiwe. Bila polaraizi unaona bati la fedha tu. Nayo unaona rangi zinaachana, mchanga kijani cheupe, mwamba kahawia, na kile kivuli kilichosogea pembeni ya mwamba ukajua ni tewa ama ni kitu kingine. Mama zangu wa mwani na wa pweza, nyie mnasimama kwenye maji ya magotini juu ya mchanga mweupe, jua la juu na jua la chini, nyie nawaona mnaihitaji kuliko hata nahodha.

Ila isikudanganye, haifanyi kazi sawa siku nzima. Inakata vizuri zaidi jua likiwa limepanda kiasi, kama nyuzi 37 hivi kutoka upeoni, kwa hapa kwetu ni karibu saa mbili na nusu mpaka saa tatu asubuhi, na tena kama saa tisa na kitu alasiri, afu uwe unatazama upande jua liliko. Saa sita jua likiwa utosini ukichungulia maji ya chini yako mng'ao unapungua kidogo tu. Na jua likiwa linachomoza ule mstari wa moto juu ya maji nao hauishi. Mtu ananunua anavaa alfajiri anasema nimepigwa. Hujapigwa, subiri jua lipande.

Kujua kama ni polaraizi kweli ni rahisi. Washa simu, iwe na mwanga wa kutosha, shika miwani mbele ya kioo cha simu, angalia kupitia lenzi moja huku unaizungusha taratibu kama unafungua kifuniko. Ikifika mahali kioo kikawa giza au kikafifia sana au kikageuka rangi, ni polaraizi. Ukizungusha mzunguko mzima hamna kinachobadilika, mrudishie mwenye nayo. Au chukua miwani mbili, moja ilaze moja isimamishe, angalia kupitia zote, pakiwa cheusi zote ni polaraizi. Na hapohapo mwenye chombo chenye GPS au kile kioo cha kutafutia samaki, jaribu nayo, kuna vioo ukivitazama na miwani hizi kwa upande fulani vinazimika kabisa, mtu anadhani betri imekufa.

UV ni ngumu zaidi maana stika ya UV400 mtu yeyote anachapa. UV400 maana yake inazuia miale yote ya UV mpaka nanomita 400, nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndo unayoitaka. Daktari wa macho mwenye mashine anaweza kukupimia. Ukiwa mtaani, nenda kwa wakala mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, mulika noti uone zile alama zinawaka, afu weka lenzi katikati ya taa na noti, wewe utazame noti kwa pembeni sio kupitia lenzi. Alama zikizimika, lenzi inazuia. Zikiendelea kuwaka kama mwanzo, achana nayo. Sio kipimo cha maabara ila ni bora kuliko stika.

Weusi, kwa ndani ya mkono huwa kuna namba ya kategoria, kuanzia 0 mpaka 4. Chukua 3, inapitisha asilimia 8 mpaka 18 ya mwanga, inatosha kabisa kwa jua letu. Namba 4 ni nyeusi mno na hairuhusiwi kuendeshea chombo cha barabarani, na wewe ukifika nchi kavu unapanda bodaboda yako na miwani usoni, nakujua. Rangi ni mapenzi ila kuna mantiki: wa maji makuu, jodari na nguru, kijivu, rangi zinabaki kama zilivyo. Wa kwenye miamba na maji ya kina kifupi, kahawia au shaba, inaachanisha vitu vizuri. Njano ni ya mawingu na mwanga hafifu, sio ya mchana.

Lenzi ya kioo inaonyesha safi na haichubuki haraka, ila nzito, na chubwi likikatika kwenye mshipi likarudi usoni sitaki kuwa na kioo mbele ya jicho. Chukua polikaboneti. Fremu plastiki, ya chuma chumvi itakula bawaba. Na funga kamba shingoni, tena yenye kipande cha kuelea, bahari hairudishi.

Kufuta sasa, hapa nawagombeza. Maji ya chumvi yakikauka kwenye lenzi tazama kwa karibu, utaona vidoa vyeupe, kila kidoa ni punje za chumvi zenye kona. Ukichukua pindo la tisheti ukasugua, umeshachora, na siku ya kumi lenzi ina ukungu hata ukiosha. Mwagia maji yasiyo na chumvi kwanza, hata ya kunywa kidogo, chumvi iyeyuke, afu ndo ufute na kitambaa cha pamba kilicholowa.

Swali? ... Mzee anauliza ana miwani ya kuonea mbali, afanyeje. Mzee wangu zipo za kuvaa juu ya miwani, kubwa, sura haipendezi ila zinafanya kazi, au umwambie daktari akutengenezee za namba yako zenye polaraizi, hizo ni ghali. ... Kijana, zile za kioo kinachoakisi, za bluu? Ule mpako unapunguza mwanga kidogo, uzuri wake ni wa kwako na mchumba wako, kwanza hakikisha polaraizi na UV. ... Hapana mama, jua lenyewe hata na hizi usilikodolee. ... Wa dagaa usiku, usivae, jamani, usiku mnavaa miwani ya jua ya nini?

Haya, mliokuja na miwani zenu leteni hapa mezani, nina simu na nina taa ya noti, tunapima moja moja. Wa dagaa anzeni nyie mnaotoka jioni, wa pweza mna muda.