Ng'ombe Amekufa, Mchungaji Afutwe?

Wana-Njoro, hamjambo? Nyinyi vijana wa mazizi mliojibanza kule nyuma, sogeeni. Leo ni siku yenu pia.

Kila nikija huku wenye mashamba huniuliza: mtamba wangu amekufa kwa ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, kijana alikuwa amelala, je, nimfute leo leo?

Uzembe, sheria inautambua. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinasema anayeacha kazi yake kwa makusudi, au anayefanya ovyo kazi inayotaka uangalifu, anaweza kufutwa bila notisi. Na mifugo inataka uangalifu, hakuna ubishi. Ng'ombe hasemi "naumwa". Usipompapasa chini ya sikio ukagundua matezi yamevimba, utakuja kujua povu likimtoka puani, na hapo daktari amekuja kukupa pole tu.

Lakini kifungu cha 41 kinataka kwanza umweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake aliyemchagua akiwepo, kisha umsikilize. Hapo ndipo matajiri hununa: "Nisikilize nini na mzoga ule pale?"

Zamani nilisimamia shamba moja, silitaji. Ndama watatu walikufa kwa wiki mbili. Barua ya kumfuta mchungaji ilikuwa tayari, bado sahihi tu. Karani akanisihi nimwite kwanza. Akaingia na chupa ya dawa ya kupe, akaipindua juu ya meza yangu. Haikutoka hata tone. Akafungua daftari la kunyunyizia: wiki tatu mfululizo, kwa penseli, "dawa hakuna", na pembeni sahihi ya aliyepokea taarifa. Ilikuwa yangu.

Nilimwomba radhi, ingawa si siku hiyo. Ningemfuta, angeenda mahakama ya kazi hapo Nakuru mjini, na jaji anaweza kuamuru fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Piga hesabu hiyo kwa lita za maziwa.

Sisemi wazembe hawapo. Wapo, na hata hapa wengine wanaangalia chini. Ukimsikiliza ukakuta kweli alikuwa kilabuni usiku mtamba akizaa, mfute. Ila siku alizofanya kazi umlipe, na hati ya utumishi umpe.

Maswali sasa. Mzee mwenye kofia, mkono wako uko juu tangu nitaje ile chupa.