Shuka Mbande

Ndugu mwenyekiti, wakubwa shikamooni, vijana habari za mchana. Mada niliyopewa ni vidokezo vya safari kwa mikoa ya kanda ya kati. Kwenye tangazo wameandika Dodoma, Singida, halafu "na mikoa jirani". Wanaonifahamu wameshaanza kucheka huko nyuma, kwa sababu wanajua nitaanzia Kongwa, wilaya yetu ya huku Dodoma, na huenda nisitoke huko. Chekeni tu. Nitaanzia Kongwa.

Kwanza nina neno na ninyi mliohamia hapa Dodoma pamoja na serikali, kuanzia 2016. Ijumaa jioni mko stendi ya Nanenane au mko stesheni ya treni ya umeme, kila mtu na begi lake, mnarudi Dar es Salaam. Siwalaumu, familia ziko huko. Lakini mtu amekaa Dodoma miaka yote hii, ukimuuliza Dodoma ikoje anakujibu: jua, upepo, zabibu. Na hizo zabibu zenyewe hajui kwamba huku tunazivuna mara mbili kwa mwaka. Anaziona tu barabarani kwenye ndoo, anashangaa mbona zimetoka tena.

Kidokezo changu ni hiki: shuka Mbande. Ukishika barabara ya Morogoro unapita Chamwino, unapita Chalinze (Chalinze yetu ya huku, kondakta mweleweshe mapema, ile ya Pwani nauli yake ni nyingine kabisa), halafu unafika Mbande, njia panda ya Kongwa. Ni safari ya saa moja na kitu. Gari likisimama, akina mama wanakuja dirishani na karanga za kukaanga kwenye vifuko vidogo virefu, chumvi imegandia juu ya maganda mpaka yamekuwa meupe. Nunua kifuko. Zishike mkononi unisikilize, maana karanga za hapo zimewahi kuiaibisha serikali ya Uingereza bungeni kwao.

Vita Kuu ya Pili imekwisha, Uingereza hakuna mafuta ya kupikia wala siagi. Mwaka 1946 wakatuma ujumbe chini ya bwana mmoja aitwaye John Wakefield. Wiki tisa tu wakawa wamemaliza kuikagua Afrika Mashariki, na sehemu kubwa waliitazama kutoka angani, kwenye ndege. Wakaandika kwamba ardhi inafaa karanga. Mpango ukawa zaidi ya ekari milioni tatu, na sehemu kubwa ilikuwa hapa Tanganyika. Mwaka wa kwanza peke yake zilimwe ekari 150,000. Mashine wakaokoteza mabaki ya vita: matrekta chakavu ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, na vifaru. Ndiyo, vifaru. Vifaru vya Sherman viling'olewa mizinga vikageuzwa matrekta.

Wakaanza Kongwa mwaka 1947. Sasa, kichaka cha Ugogo mnakifahamu, mwenye gari jipya anajua miiba yake. Trekta linapita, kichaka kinalala, likishapita kinainuka. Mibuyu ndiyo usiseme. Ndani ya mibuyu mna nyuki, dereva akigonga tu, kazi ya siku hiyo imekwisha, watu wako mbio. Kulikuwa na mbuyu mmoja uliokuwa jela ya pale, na mwingine watu walikuwa wanafanyia matambiko. Nani angekubali ung'olewe? Na udongo wenyewe: mvua ikikatika unakauka kama tofali la kuchoma, karanga zimeiva chini na hazing'oki. Mwisho wa mwaka ule wa kwanza, ekari zilizopandwa hazikufika elfu kumi. Karanga walizonunua za mbegu zilikuwa nyingi kuliko walizovuna. Mwaka 1951 wakafunga, hasara pauni milioni 36, pauni za wakati ule.

Ninamwona kijana anataka kuniambia, "Mwalimu, hiyo ni hasara ya Wazungu, sisi inatuhusu nini?" Inakuhusu, kwa sababu hizo ulizonazo mkononi zimelimwa hapohapo Kongwa, na mtu mwenye jembe na shamba la ekari mbili tatu. Yeye anajua mvua ya huku ni msimu mmoja, inaanza Desemba, na Februari inaweza kukatika wiki nzima au mbili ukadhani imekwenda moja kwa moja. Bibi yake alijua, ndiyo maana alipanda uwele na mtama kwanza. Wale waheshimiwa walikuwa na ndege, hawakuwa na mtu wa kumuuliza bibi. Halafu leo tunaajiri washauri, wanakuja na... haya, nisiingie huko, mwenyekiti ananitazama.

Hiyo ni nusu ya Kongwa. Nusu ya pili ndiyo inayonikera watu wasipoijua. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Tanzania ikawapa wapigania uhuru Kongwa, mahali penye majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga, na stesheni ya tawi la reli ambalo halikuwa na treni tena. FRELIMO wa Msumbiji wakaja, na Septemba 1964 vita ya kwao ikaanza. Wakaja ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola, ZAPU wa Zimbabwe. Samora Machel wa FRELIMO alikuwa mkuu wa kambi pale, kabla hajawa rais wa nchi yake. Chris Hani wa ANC alikaa pale akiwa kijana. Hebu fikirini, nchi tano zimepita kwenye wilaya moja ya Dodoma. Vijana wale walijifunza Kiswahili kwa Wagogo na Wakaguru, walicheza mpira na watu wa pale, wengine wakaoa. Makaburi ya wenzao yapo mpaka leo.

Sasa mwanafunzi wa Dodoma anakariri tarehe ya uhuru wa Namibia kwenye daftari, na shule inakusanya michango ya safari ya kwenda kuangalia twiga. Twiga hawajanikosea. Lakini basi lilelile la shule likiamka saa kumi na mbili, saa nne liko Kongwa, na jioni watoto wako nyumbani kwa mafuta ya safari ya kawaida.

"Lakini hakuna hoteli." Gesti zipo, safi, na mchana utapata ugali na mlenda utakaokunyamazisha. "Hakuna kibao cha kunielekeza." Hapo nakubaliana nawe, na ndiyo maana unafuata utaratibu huu: usiende ukaanza kupiga picha majengo, mengine yanatumika na watu wanaishi humo. Pitia kwanza ofisi ya halmashauri, uliza afisa utamaduni, omba mtu wa kuwaongoza. Ukimpata mzee aliyeziona zile kambi, toa shikamoo, vuta kigoda ukae. Habari za Samora haziulizwi umesimama na simu imeelekezwa usoni mwa mtu.

Nimeletewa kikaratasi. Dakika kumi. Haya, nitakwenda mbio.

Kolo, Kondoa. Serengeti iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Kilimanjaro iko, na michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye orodha hiyohiyo tangu 2006. Zamani mlikuwa na kisingizio cha barabara. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, imefunguliwa 2018, kisingizio hakuna. Ukishapita Kondoa kidogo unafika Kolo, unaingia ofisi ya mambo ya kale iliyo palepale barabarani, unapewa namba ya malipo na mwongozaji. Kwenda kwenye michoro ya Mungomi wa Kolo kunataka gari lililoinuka na viatu vya kupandia mlima. Masika usijaribu na kigari chako cha mjini. Michoro myekundu ndiyo ya zamani zaidi, ya wawindaji, watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu ajabu. Ile myeupe minene imekuja baadaye. Usimwagie mwamba maji ili picha itokee vizuri. Kuna watu walikuwa wanafanya hivyo, na rangi inaondoka. Na ukikuta watu wako kwenye tambiko la mvua, kaa pembeni. Pale ni mahali pa ibada ya wenyeji, kabla UNESCO haijazaliwa.

Ukiwa upande huo, tazama vilima vya Kondoa vilivyoota miti. Vilikuwa makorongo matupu. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Yote. Wazee wengine bado wana hasira, na wana haki ya kuwa nayo, lakini miti ipo. Hilo ni mhadhara mwingine.

Singida: maziwa mawili mjini kabisa, Singidani na Kindai, ya maji ya chumvi, msimu ukiwa mzuri utakuta heroe. Kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti mnayajua, nisiwapotezee muda. Bwawa la Mtera, njia ya Iringa: simama darajani, kula samaki, endelea. Iringa yenyewe leo siifiki.

Wa treni ya umeme, tangu ianze kufika hapa Julai 2024 mmejifunza kulala kuanzia Morogoro. Amkeni Kilosa, mtazame mahandaki na bonde ambalo mafuriko yalikuwa yanaizoa reli ya zamani kila mara. Treni haipiti Mbande, inapita Gulwe, kwa hiyo anayetaka Kongwa apande basi. Juni na Julai beba sweta. Dodoma ya saa kumi na mbili asubuhi mwezi Julai haina mzaha na mtu wa Pwani.

Mpwapwa nimeiruka, watu wa Mpwapwa mnisamehe, nilikuwa na kurasa mbili zenu hapa.

Maswali. Ya Kongwa nitajibu mimi. Anayetaka kuuliza habari za simba, yule mwenzangu wa hifadhi amekaa karibu na mlango, amfuate yeye.