Usiku wa Kura Westminster: Uingereza na Haki za Wafanyakazi za Ulaya

Ndugu zangu, nianzie usiku wa tarehe 22 Julai 1993, bungeni Westminster. Serikali ya waziri mkuu John Major ilileta hoja kuhusu msimamo wake juu ya Sura ya Jamii ya Mkataba wa Maastricht, mkataba ulioanzisha Umoja wa Ulaya. Sura hiyo ni makubaliano ya haki za wafanyakazi ambayo Uingereza peke yake, kati ya nchi 12, ilijitoa. Hoja ikaanguka, kura 324 kwa 316.

Walioiangusha ni akina nani? Labour, chama cha upinzani, ndiyo, lakini pamoja nao walikuwamo wabunge wa Conservative, chama cha Major mwenyewe. Hawa hawakuitaka Sura ya Jamii hata kidogo. Walichotaka ni kuuzamisha mkataba mzima, kwani bila hoja kupita Uingereza isingeweza kuuridhia, wakaona kura ya Labour ndiyo jiwe la kuutobolea. Kesho yake Major akaifanya kura ya imani: akishindwa, uchaguzi unaitishwa. Kwa kuuogopa waasi wale wakarudi kundini, akashinda 339 kwa 299.

Hapo ndipo ninapoumia. Usiku mzima ule wa hesabu, mfagizi wa ofisi alikuwa kete tu. Wakati huo hapakuwa na sheria ya jumla Uingereza iliyompa kila mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo. Aliyekuwa na chama cha wafanyakazi chenye nguvu alijipatia. Asiye nacho alimtegemea mwajiri.

Chuki ile dhidi ya sheria za kazi kutoka Ulaya ilikuwa na mizizi. Septemba 1988 Jacques Delors, rais wa Tume ya Ulaya, alikwenda Bournemouth, Uingereza, kuwaahidi viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ulaya yenye haki za kijamii, wakamshangilia. Siku chache baadaye, kule Bruges, Ubelgiji, Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akajibu: hatukuipunguza mikono ya dola nyumbani ili irudishwe kutoka Brussels, makao ya taasisi za Ulaya. Swali la nani atunge sheria lilikuwa la haki kabisa, nalikubali. Lakini waliouliza hawakuleta likizo yao wenyewe mahali pake.

Likizo ikaja kwa mlango wa pembeni. Mwaka 1993 Ulaya ilipitisha agizo la saa za kazi, ukomo wa saa 48 kwa wiki na likizo ya wiki 4, kama suala la afya na usalama kazini, ambako kura ya wingi ilitosha na Uingereza peke yake isingeweza kuzuia. Serikali ya London ikashtaki katika Mahakama ya Ulaya. Tarehe 12 Novemba 1996 ikashindwa. Ilichopata ni kufutwa kwa kipengele cha mapumziko ya Jumapili.

Labour ilipoingia madarakani 1997 ikaipokea Sura ya Jamii, na likizo ikaanza Oktoba 1998. Ila ikakishikilia kifungu kinachomruhusu mfanyakazi kutia saini kwamba yuko tayari kuvuka saa 48. Saini hiyo mara nyingi huwekwa siku ileile mtu anapotia saini mkataba wa kazi.