Siku 17: Daftari la Bendi Ambazo Hatujaziona

Neema: Karibuni. Leo nimekuja na daftari. Baraka, hili unalijua.

Baraka: Nalijua, dada. Lile la bendi.

Neema: La bendi. Bendi za roki na metali ninazotamani kuziona jukwaani kwa macho yangu. Nilianza kuliandika nikiwa na miaka 15, na jina la kwanza kabisa lilikuwa Black Sabbath, wale Waingereza wa Birmingham. Wiki hii nimelifungua nikashika kalamu nilikate lile jina, mkono ukakataa.

Baraka: Mpaka leo hujalikata?

Neema: Mpaka leo. Nikasema labda tukilizungumza hapa nitaweza.

Baraka: Basi tuanzie hapohapo. Tarehe 5 Julai 2025 ulikuwa wapi?

Neema: Kitandani, simu mkononi, spika masikioni. Natazama matangazo kutoka Villa Park, Birmingham, uwanja wa mpira ulioko Aston, kwao kabisa. Sabbath wote wanne wamekusanyika: Ozzy Osbourne mwimbaji, Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa besi na Bill Ward wa dramu. Bill hakuwa amepiga nao kwa miaka 20. Ozzy amekalishwa kwenye kiti cheusi cha enzi, maana ugonjwa wa Parkinson ulishamnyang'anya miguu. Lakini mikono inapiga makofi na macho yanazunguka uwanja mzima. Nyimbo nne tu walipiga pamoja. Nililia kuanzia ya kwanza.

Baraka: Na kabla yao walishapanda Metallica, Slayer, Tool, Gojira... kila mmoja anapiga zake, halafu anapiga na za Sabbath. Kama wajukuu waliokuja kuaga.

Neema: Tarehe 22 Julai Ozzy akafariki. Siku 17 tu.

Baraka: Siku 17. Sasa nikwambie kitu kilichoninyima usingizi. Hesabu hiyo nilishawahi kuiona mahali, nikarudi kutafuta. Motörhead walipiga onyesho lao la mwisho Berlin, tarehe 11 Desemba 2015. Lemmy Kilmister, mwimbaji na mpiga besi wao, akafariki tarehe 28 Desemba. Hebu hesabu.

Neema: Kumi na moja mpaka ishirini na nane... Baraka!

Baraka: Kumi na saba. Sisemi kuna siri imefichwa humo. Ninachosema ni kwamba watu hawa walipanda jukwaani mpaka mwili wenyewe ukakataa. Lemmy alikuwa ametimiza miaka 70 siku nne tu kabla ya kufa. Na yule shabiki aliyesimama Berlin usiku ule, alijua? Hakujua. Alimwona mzee aliyekonda, maikrofoni imewekwa juu ya kichwa, kidevu kimeinuliwa kama siku zote, besi inanguruma. Akarudi nyumbani akidhani mwaka ujao atamwona tena.

Neema: Usiendelee.

Baraka: Naendelea, kwa sababu hapo ndipo ninapogombana na daftari lako. Umelipanga kwa mapenzi. Unayempenda zaidi yuko juu. Mimi nasema lipangwe kwa muda uliobaki.

Neema: Hapana. Hiyo ni kuwapangia watu vifo vyao. Sitaki kukaa nikihesabu umri wa mtu kama daktari.

Baraka: Silengi vifo, dada. Nalenga kazi. Metali ni kazi ya mwili. Mwimbaji sauti ikichoka atashusha ufunguo wa wimbo, na wasikilizaji watamsaidia kuimba. Mpiga gitaa atasimama mahali pamoja badala ya kukimbia. Lakini mpiga dramu hana pa kujificha. Miguu miwili na mikono miwili, saa mbili mfululizo. Akipungua yeye, bendi nzima imepungua. Ndiyo maana mimi nikitaka kujua bendi ina miaka mingapi ya ziara mbele yake, namtazama aliyekaa nyuma.

Neema: Kama Nicko McBrain.

Baraka: Huyo huyo. Januari 2023 alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Mwaka huohuo akarudi ziarani na Iron Maiden! Akapiga mpaka tarehe 7 Desemba 2024, São Paulo, ndipo akasema ziara basi. Siku hizi anayekaa pale ni Simon Dawson. Nicko alikuwa kwenye kile kiti tangu miaka ya themanini mwanzoni.

Neema: Maiden ni wa pili kwenye daftari. Na nataka nieleze kwa nini, maana watu huniuliza: albamu zote unazo, video za maonyesho umetazama mpaka umezikariri, unataka nini zaidi? Jibu langu ni moja. Nataka kusikia watu wakiliimba gitaa.

Baraka: Fafanua hapo, kuna wasikilizaji hawajawahi kuliona jambo hilo.

Neema: Wimbo una maneno, sawa, kila mahali watu huimba maneno. Kwa Maiden watu huimba na zile sehemu zisizo na maneno. Gitaa linaanza taratibu, peke yake, na uwanja mzima unafuata kila noti kwa "oo-oo-oo". Watu wa nchi ambazo Kiingereza si chao, wengine hata hawaelewi mashairi, lakini noti hawakosei. Kwenye rekodi ya studio sehemu hiyo ni gitaa tu. Studio haiwezi kuwa na kile kitu, kwa sababu kile kitu kimetengenezwa na wasikilizaji. Yaani Steve Harris aliianzisha bendi hii 1975, na mashabiki wameendelea kuandika sehemu yao wenyewe juu yake. Mimi sehemu yangu naijua. Nimeifanyia mazoezi peke yangu chumbani kwa miaka. Nataka siku moja niiimbe mahali pake.

Baraka: Aisee. Sasa hilo haliwezi kuwa namba mbili.

Neema: Linakuwa namba mbili kwa sababu ya vidole vya Tony Iommi.

Baraka: Haya, simulia.

Neema: Ana miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha mabati Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini, mashine inamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaokandamiza nyuzi. Wanamwambia gitaa basi. Anayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, anajitengenezea vifuniko vya vidole, anavibandika ngozi juu. Bado nyuzi zinamuumiza, anatafuta nyembamba zaidi, na baadaye analegeza gitaa zima, anashusha sauti yake chini. Kulegeza kule ndiko kulikozidisha ule uzito. Baada ya hapo bendi nyingi za metali zimeshusha gitaa, hata za watu wenye vidole kumi vizima. Mimi nilitaka kuuona ule mkono ukifanya kazi. Ni hilo tu. Mita hamsini, mita mia, popote, lakini niuone.

Baraka: Iommi bado yupo, dada.

Neema: Yupo, namshukuru Mungu. Lakini Sabbath haipo.

Baraka: Sawa. Mimi hapa ndipo ninapotofautiana nawe kidogo kuhusu maana ya bendi kuwepo. Chukua Rush. Neil Peart, mpiga dramu wao, alifariki Januari 2020, na kwa wengi wetu kitabu kilifungwa siku hiyo. Halafu Oktoba 2025 wenzake wawili, Geddy Lee na Alex Lifeson, wakatangaza ziara ya 2026, na kwenye dramu wakamweka Anika Nilles kutoka Ujerumani. Watu wakagombana sana. Mimi nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Peart harudi, na hakuna aliyesema anarudi. Lakini zile nyimbo bado zinahitaji mtu wa kuzipiga mbele ya watu.

Neema: Ningeenda. Ningeenda huku nina huzuni, lakini ningeenda. Led Zeppelin walifanya vivyo hivyo tarehe 10 Desemba 2007 kule London, Jason Bonham akakaa kwenye dramu mahali pa baba yake, marehemu John Bonham. Usiku mmoja tu. Nikiuona ule mkanda, pale mpiga gitaa Jimmy Page anapogeuka kumtazama Jason, naelewa.

Baraka: Basi wapo kwenye daftari?

Neema: Ukurasa wa nyuma. Ndoto za saa ya kurudisha wakati. Huko nina Zeppelin, nina bendi ya Death wakati mwimbaji wao Chuck Schuldiner yuko hai, na nina Metallica ya tarehe 28 Septemba 1991, uwanja wa ndege wa Tushino, Moscow. Bahari ya watu, helikopta zinapita juu, na miezi mitatu baadaye Umoja wa Kisovyeti haupo tena.

Baraka: Mimi kwa Metallica ningechagua usiku mdogo kuliko wote. Tarehe 8 Desemba 2013 walipiga Antaktika, kituo cha Carlini cha Argentina. Watu kama 120 ndani ya kuba. Spika kubwa hazikuruhusiwa ili kulinda mazingira, kwa hiyo kila msikilizaji alivaa hedifoni. Fikiria umesimama hatua chache kutoka kwa mwimbaji wao James Hetfield, ukivua hedifoni unasikia dramu na midundo ya nyayo tu.

Neema: Mimi sitaki hiyo hata kidogo. Hedifoni ninazo nyumbani! Nataka kifua kitetemeke.

Baraka: Kifua kitetemeke? Basi ni Meshuggah. Wasweden, gitaa za nyuzi nane. Mkono wa mpiga dramu wao, Tomas Haake, juu ya matoazi unahesabu nne, nne, nne, wewe unatikisa kichwa vizuri. Miguu yake na magitaa yanahesabu kitu kingine kirefu, hakigawanyiki kwa nne, kinateleza, kinakuacha, halafu baada ya mizunguko kadhaa vyote viwili vinakutana mahali pamoja kwa kishindo. Kwenye spika ndogo za masikioni akili inashughulika na hesabu. Nataka nijue mwili unafanya nini ukizungukwa na kitu hicho gizani, taa zikipigwa pamoja na kila mdundo.

Neema: Na vizibo vya masikio.

Baraka: Lazima. Hilo sisemi kwa utani. Brian Johnson wa AC/DC alilazimika kuacha ziara 2016 kwa sababu ya masikio. Vizibo vizuri havipunguzi raha, vinapunguza madhara.

Neema: Gojira, wale Wafaransa, wamepanda sana kwangu tangu tarehe 26 Julai 2024. Ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, wamesimama juu kwenye ukuta wa Conciergerie, gereza alilofungwa malkia Marie Antoinette, moto unaruka, Marina Viotti anaimba opera juu ya dramu za Mario Duplantier. Dunia nzima inatazama, na ni metali! Mama yangu alinipigia simu akaniuliza, "Hawa ndio wale wa kelele zako?" Nikamwambia ndio hawa, mama. Akasema, "Wanapiga vizuri."

Baraka: Mama amesema!

Neema: Miaka yote ile mlango ukiwa umefungwa, akasema vile. Hao nitawaona. Ndugu wawili wa bendi ile, Joe na Mario Duplantier, bado wana nguvu, nina muda.

Baraka: Umesikia ulichosema?

Neema: Nini?

Baraka: "Nina muda." Umeanza kupanga kwa njia yangu.

Neema: ...Sawa. Sawa, kaka. Basi kwa njia yako nani angekuwa juu kabisa?

Baraka: WITCH.

Neema: Wa Zambia.

Baraka: Wa Zambia. Zamrock, yaani roki ya Zambia, miaka ya sabini. Magitaa yamekwaruzwa, yana vumbi na moto, chini yake midundo ya nyumbani kwao. Rais Kaunda alishaagiza redio zipige asilimia 95 muziki wa Zambia, na vijana wakaujaza huo muda kwa roki. Mbele anaimba Emmanuel Chanda, waliyembandika jina Jagari kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Halafu uchumi ukaanguka, na UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Wenzake wa kikosi cha kwanza wamefariki. Amebaki yeye. Miaka mingi alikuwa migodini akitafuta vito. Leo amevuka miaka 70, amezungukwa na wanamuziki vijana, wengine kutoka Uholanzi, na 2023 wakatoa albamu mpya, Zango.

Neema: Nimeona video zake za jukwaani. Anaruka.

Baraka: Anaruka! Na wanapiga kumbi ndogo. Villa Park unamwona mtu kwenye skrini. Jagari unamwona jasho. Yule mzee amebeba kichwani nyimbo ambazo waliozitunga naye hawapo. Akiimba, anaimba kwa niaba yao.

Neema: Nipe kalamu.

Baraka: Unakata Sabbath?

Neema: Sikati. Sabbath inabaki hapo ilipo, mstari wa kwanza, kwa mwandiko wangu wa miaka 15. Nafungua ukurasa mpya. W, I, T, C, H. Chini yake Maiden. Kisha?

Baraka: Judas Priest. Mwimbaji wao Rob Halford bado anaingia jukwaani na pikipiki.

Neema: Priest. Halafu Meshuggah wako, halafu Gojira. Tarehe za ziara za WITCH nazitafuta leo usiku, na nikizipata nakupigia, hata iwe saa nane.

Baraka: Nitapokea.