Mama Mwenye Mtoto Mchanga na Softiboli: Urudi Uwanjani kwa Nafasi Gani, na Lini

Shikamooni mama zangu mnaotazama, na dada zangu wa Dar, Arusha, Mombasa na Kampala, mambo? Maswali yenu kuhusu softiboli na ulezi yanafanana: nimejifungua, nirudi lini? Nikiwa bado nanyonyesha itakuwaje? Mtoto nimwache na nani wakati nacheza? Leo tunayajibu yote. Chukua karatasi, maana kuna namba za kuandika.

Kwa wageni wa mchezo huu: softiboli ni ndugu wa besiboli, na ulianzia Chicago mwaka 1887, ukichezwa ndani ya ukumbi. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji wa timu pinzani anaupiga kwa gongo na kukimbia kwenye vituo vinavyoitwa besi, na mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka. Katika mchezo wa wanawake wa urushaji wa kasi, mrushaji anasimama mita 13.11 kutoka kwa mpigaji, besi zimeachana mita 18.29, na mechi ina iningi 7, yaani vipindi ambavyo kila timu inapata zamu ya kupiga na ya kulinda. Hapa Texas, Marekani, miji mingi ina ligi za jioni kwenye viwanja vya manispaa, nyingi zikiwa za urushaji wa polepole. Wengi wanaocheza humo ni watu wa kazi na familia. Na msidhani mama hawezi kufika juu. Jennie Finch, mrushaji wa Marekani, alichukua medali ya dhahabu ya Olimpiki Athens mwaka 2004, akajifungua mwaka 2006, na mwaka 2008 alikuwa Beijing akiirushia Marekani, wakapata medali ya fedha.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Wengi huuliza "nirudi wiki ya ngapi", na hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni "nirudi kwenye nafasi gani", kwa sababu nafasi za softiboli haziutesi mwili sawasawa. Mdakaji anachuchumaa mpaka chini mara mia na zaidi kwa mechi, na kila akiinuka kwa nguvu shinikizo lote linashukia misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobana mkojo. Mrushaji wa kasi anazungusha mkono mduara mzima kisha anatua kwa mguu mmoja, na nyonga isiyotulia hapo huumiza mgongo na bega. Beki wa besi ya tatu anapigiwa mipira ya karibu, na anajirusha chini bila kupanga. Kwa hiyo hizo tatu ziwe za mwisho. Anza pembeni nyuma kabisa, upande wa kulia, ambako mipira ni michache na unapata muda wa kuusoma mpira kabla haujakufikia.

Na kuna mlango mzuri zaidi ambao makocha wengi wa mitaani wanausahau. Kanuni za softiboli ya kasi zinaruhusu mpigaji mteule, anayeitwa DP (kifupi cha Kiingereza, designated player): anapiga kwa niaba ya mlinzi mmoja na halazimiki kuingia uwanjani kulinda. Kwenye ligi nyingi za polepole kuna mpigaji wa ziada, naye anapiga bila kulazimika kulinda. Mama aliyerudi juzi akae hapo. Anapiga mara tatu au nne kwa mechi, na iningi nzima ya ulinzi yuko huru. Kanuni nyingine ni ya kutoka na kurudi: mchezaji aliyeanza mechi anaweza kutolewa na kurudi mara moja, mradi arudi kwenye zamu yake ileile ya kupiga. Nenda kwa kocha kabla karatasi ya majina haijapelekwa kwa mwamuzi, mwambie, "Kocha, mtoto ananyonya karibu saa mbili usiku, nitoe iningi ya nne nirudi ya sita." Kocha anayejua kazi yake atapanga mtu wa akiba mapema. Ukimwambia mechi ikiwa katikati, atakuwa ameshamtumia.

Tarehe sasa. Arobaini ya kwetu na wiki 6 za daktari zinakaribiana sana, na siku hizo ziheshimu. Tembea polepole, kula vizuri, bana na kuachia misuli ya sakafu ya nyonga: bana hadi sekunde 10 huku unapumua, achia kabisa, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Kuachia ni muhimu sawa na kubana, msikimbilie. Lakini kuhusu kufunga tumbo kwa kanga nitasema wazi: ukikaza mpaka pumzi haishuki, shinikizo linakwenda chini, kwenye misuli ileile unayotaka ipone. Ifunge ya kukushika tu. Aliyejifungua kwa upasuaji asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake katika wiki hizo, na begi la mdakaji lenye vifaa vyote ni zito kuliko mtoto.

Kati ya wiki ya 6 na ya 12, baada ya ruhusa ya daktari, rudisha nguvu bila kukimbia. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, na uguse katikati ya tumbo juu ya kitovu. Vidole zaidi ya viwili vikizama kwenye ufa, misuli ya tumbo bado imeachana, na kuzungusha gongo la softiboli kwa nguvu zote ni kuuvuta ufa huo. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia akiwepo. Kama hali ni nzuri, piga mpira uliowekwa juu ya kigingi, mapigo 20 kwa nusu ya nguvu, pumzika siku moja, kisha uongeze. Toa pumzi wakati gongo linagusa mpira. Anayebana pumzi huhisi kitu kizito kinashuka chini, na wengi hudhani ni uchovu wa kawaida. Kurusha nako kuanze mita 10, marusho 25 ya taratibu. Wiki inayofuata mita 15, halafu 20. Mkono uliopumzika miezi kadhaa hauumii siku ya kurusha, unaumia kesho yake, ndiyo maana siku ya mapumziko hairukwi.

Kukimbia kusubiri walau wiki 12, na hata hapo ujipime kwanza nyumbani, bila mashine yoyote. Tembea dakika 30. Simama mguu mmoja sekunde 10. Chuchumaa kwa mguu mmoja mara 10. Kimbia papo hapo dakika moja. Ruka kwa mguu mmoja mara 10, kila mguu. Kisigino kimoja kiinuke na kushuka mara 20. Ukipita bila maumivu, bila mkojo kuvuja na bila uzito chini, anza. Ukivuja hata tone moja, rudi hatua moja nyuma kwa wiki mbili. Damu ya uzazi ikiongezeka au kurudi baada ya mazoezi, acha, mwone daktari.

Mbio za kwanza ziwe za kutoka besi ya nyumbani hadi ya kwanza, moja kwa moja, kwa sababu kanuni inakuruhusu kuipita besi ya kwanza ukiendelea mbele. Hakuna breki ya ghafla. Kona ya kwenda besi ya pili ifuate baadaye, na kuteleza chini kuifikia besi kuje mwisho kabisa. Ukiteleza, teleza kwa makalio na paja, mguu mmoja umekunjwa chini ya mwingine. Kuteleza kwa kifua huku unanyonyesha, hapana. Matiti yaliyojaa yakigonga ardhi, unaweza kuishia na uvimbe na homa.

Jambo la kazi lipo pia, na huku Marekani ni zito. Sheria ya shirikisho inawapa wanaostahili likizo ya hadi wiki 12, bila mshahara. Maana yake wiki ileile mwili unaporuhusiwa kujaribu mbio, ndiyo wiki unarudi kazini na mtoto anaanza kulelewa na watu wengine. Ushauri wangu: kazi itangulie, softiboli ifuate baada ya wiki tatu au nne. Mtoto akianza kituo cha kulelea, mafua yanaingia nyumbani, na mama asiyelala anaumia uwanjani kwa sababu macho yake yanachelewa kuuona mpira.

Siku ya mechi tuipange kwa saa. Tuseme mechi ni saa 1 usiku. Mnyonyeshe saa 12 na robo, ukiwa umeshafika uwanjani, halafu ndipo uvae sidiria ya michezo juu ya ile ya kunyonyeshea. Saa 12 na nusu uanze kupasha mwili. Zikiwa mechi mbili mfululizo, katikati yake nyonyesha au kamua dakika 10 hadi 15. Mechi ya mwisho ikiisha, sidiria ya kubana itoke palepale, usisubiri kufika nyumbani, kwa sababu ikikaa muda mrefu inaweza kuziba njia za maziwa. Mdakaji anayenyonyesha alegeze mikanda ya kinga ya kifua. Aliyoipima kabla ya ujauzito haimtoshi tena.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Jioni za kiangazi huku Texas zinapita hapo, na Dar na Mombasa pia, kwa hiyo usiyahesabie saa hizo. Deli dogo lenye barafu iliyoganda vizuri huyatunza mpaka saa 24, mradi chupa ziguse barafu na usifungue fungue. Kwenye friji ni siku 4. Alichobakiza mtoto kwenye chupa kitumike ndani ya saa mbili, kisha kimwagwe. Na mama mwenyewe anahitaji chakula cha ziada, takribani kalori 330 hadi 400 kwa siku, na hiyo ni ya kunyonyesha tu, mazoezi bado hayajahesabiwa. Uji wa lishe na karanga kabla ya kutoka nyumbani unasaidia kuliko soda ya uwanjani.

Mtoto akae wapi? Nyuma ya wavu ulio nyuma ya mdakaji, hapo tu. Pembeni mwa besi ya kwanza panavutia kwa kuwa pana nafasi, lakini ndiko mipira inayorushwa vibaya inakoangukia, na mipira iliyopigwa nje ya mstari huja huko kwa kasi. Kigari cha mtoto usikifunike kwa kanga kuzuia jua. Hewa haipiti, joto linapanda ndani. Tafuta mwavuli au kivuli. Mlezi awe mmoja, mwenye kazi hiyo peke yake, kwa sababu mtoto anayeangaliwa na benchi zima haangaliwi na mtu. Baba akicheza timu ileile ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake, kocha awaweke mbali kwenye zamu za kupiga, mmoja wa pili na mwingine wa saba, ili msijikute wote wawili kwenye besi huku mtoto analia.

Na kwa wajawazito mlioniuliza: michezo ya ushindani iache mapema. Kuanzia wiki ya 12 hivi mfuko wa uzazi unapanda juu ya mifupa ya nyonga na unakosa kinga hiyo dhidi ya mpira au kugongana. Kutembea na kupiga mpira wa kwenye kigingi huendelea kwa ruhusa ya mkunga au daktari wako.

Niandikie hapo chini unacheza nafasi gani, mtoto ana wiki ngapi, na kama ulijifungua kwa njia ya kawaida au upasuaji. Video ijayo ni ya warushaji peke yao: wiki kwa wiki, marusho mangapi, na mazoezi ya bega.