Habu Haizalishi Umeme: mhadhara kwa wenye steshenari wa Tabora

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. USB ni nini nalipita, nyote mnaishi nayo kutwa. Naanzia pale ninapoanzia kila nikipewa kipaza sauti katika mji huu: habu, kile kisanduku kinachogeuza tundu moja la USB kuwa kadhaa, haizalishi umeme. Inagawa ule iliopewa, basi.

Tupige hesabu. Tundu la USB 2.0, kiwango kilichotoka mwaka 2000, linatoa volti 5 na miliampia 500. La USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu, linatoa 900. Sasa chukua habu isiyo na adapta, yaani isiyo na umeme wake wa ukutani, ichomeke kwenye lile la 500. Kwa kanuni za USB 2.0, habu yenyewe inatengewa 100. Zinabaki 400 kwa matundu manne, kila tundu 100. Mia moja! Mausi inashiba, kibodi inashiba. Lakini diski ya nje isiyo na waya wa ukutani, inapoanza kuzunguka, inaweza kutaka karibu miliampia 1000. Itazipata wapi?

Na habu nyingi za bei nafuu hazizuii kitu. Kila kifaa kinavuta kinachoweza, volti inashuka, chipu ya habu inaishiwa nguvu na kujiwasha upya. Hapo vyote vilivyochomekwa vinapotea kwa pamoja, hata visivyo na kosa. Ndiyo maana mnahukumu kifaa kisichohusika.

Kuna mama mmoja wa Isevya, ana steshenari. Printa yake ilikuwa ikipotea katikati ya kuchapa mitihani ya shule. Fundi akamwekea Windows upya, tatizo liko palepale. Akashauriwa anunue printa nyingine, akanunua, tatizo liko palepale. Nilipofika sikugusa printa. Nilimwuliza, "Mama, ikikatika, na mausi inaganda?" Akasema, "Inaganda, halafu kompyuta inalia." Basi jibu lilikuwa hapo! Printa ina waya wake wa ukutani, haiombi umeme wa USB. Kama inapotea pamoja na mausi, iliyoanguka ni habu nzima. Nikafuatisha waya mmoja mmoja. Kwenye habu hiyohiyo kulikuwa na diski anayohifadhia picha za paspoti za wateja. Akifungua picha, diski inaamka, habu inaanguka, mtihani unakatikia njiani. Nikaihamishia diski kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, na printa ikatulia. Fedha ya printa ya pili ilikwenda bure, na ilikuwa fedha ya ada ya mtoto. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana silichoki.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mbona mwaka jana vyote vilikuwa humohumo na vilifanya kazi?" Vilifanya kazi kwa kubahatisha. Tundu likilegea, vumbi la kiangazi likiingia, waya mwembamba ukichakaa, volti inapotea njiani kabla ya kufika. Halafu tangu mwaka jana umeongeza nini? Simu! Naziona kila duka ninaloingia, simu ya mteja inachajiwa kwenye habu huku diski inanakili. Habu si chaja, jamani. Na waya ukikatika flashi ikiwa inaandikwa, faili linaharibika, kwa sababu flashi nyingi zinatumia FAT32 au exFAT, mifumo ya kupanga mafaili ambayo hazina kumbukumbu ya kurekebisha kazi iliyoishia katikati.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, toa habu. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta, nyuma kama ni ya mezani, maana matundu ya mbele yameungwa kwa nyaya za ndani. Kikitulia, tafuta habu yenye adapta yake. Kisipotulia, badilisha waya kwanza, ndipo ukishuku kifaa. Na soma maandishi ya adapta: iwe ya volti inayotajwa kwenye habu, mara nyingi 5. Msichukue adapta ya ruta ya volti 12 kwa kuwa tu kichwa kinaingia. Itaunguza habu, na inaweza kuunguza kompyuta.

Adapta nayo ina jambo lake hapa kwetu. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri, lakini adapta ya habu imezima na diski imeanguka. Iwekeni kwenye UPS, ile betri ya akiba, pamoja na kompyuta.

Naona naonyeshwa saa, niyapitie haraka. Windows ina mpangilio wa kuzima tundu la USB ili kuokoa umeme: ingia Device Manager, fungua habu ya USB, ondoa alama ya ruhusa hiyo. Mausi isiyo na waya inayokatakata karibu na diski ya USB 3.0 ni suala jingine. Kelele za USB 3.0, si za sauti bali za mawimbi ya redio, zinaingilia masafa ya gigahezi 2.4 ambayo mausi hizo nyingi hutumia, Intel walilieleza hilo mwaka 2012. Kisogezeni kile kipokezi cha mausi mbali kwa waya wa kurefusha. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5. Habu juu ya habu, acheni kabisa.

Wenye habu mliokuja nazo, zileteni hapa mezani. Dada wa Cheyo, anza wewe, na useme kila kilichochomekwa, simu usiifiche.